Nondo na majani yao: shajara ya kufuga viwavi Mtwara

Mradi huu una lengo moja: kila nondo ninayempata hapa Mtwara nimjue pamoja na mmea anaokula kiwavi wake, kwa kumfuga tangu yai hadi mabawa, si kwa kukisia. Huku kwetu kinachotambaa juu ya jani kinaitwa funza na kinapigwa dawa, basi. Lakini viwavi wengi wanakula mmea mmoja tu, au mimea ya ukoo mmoja, na hata njaa iwaue hawagusi shamba la pembeni. Mkulima akishajua nani anakula nini, anajua wa kumwogopa na wa kumwacha. Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama zake, ili anayetaka kuiga akiwa Lindi, Masasi au Newala asianze sifuri.

6 Desemba: taa na shuka

Mvua za kwanza zimenyesha na nondo wamejaa kwenye taa za baraza. Nimetundika shuka jeupe kati ya mpapai na nguzo ya uzio, taa mbele yake. Balbu nyeupe ya LED ilileta wachache mno, maana mwanga wake karibu hauna urujuanimno, ule mwanga ambao macho yetu hayauoni, na huo ndio unaowavuta. Nikatafuta taa ndogo ya kukagulia noti, ile wanayotumia wafanyabiashara kutambua pesa bandia. Sokoni imenigharimu shilingi 18,000. Tofauti ilionekana usiku uleule. Mbalamwezi ikiwa kali wanapungua hata kwa taa hii, kwa hiyo kazi ni usiku wa giza.

Hata hivyo, shuka halijibu swali. Nondo akitua pale ameshauacha mmea wake nyuma, pengine mbali sana. Majike kadhaa walitaga kwenye kitambaa, mayai yakaanguliwa, viwavi wachanga wakaanza kuzunguka wakitafuta chakula. Niliwawekea majani ya kila mti wa uani: mwembe, mkorosho, mpera, mwarobaini. Hawakuuma hata jani moja, na wote wakafa. Kiwavi aliyetoka kwenye yai hana akiba ya siku nyingi. Asipopata jani lake anafia juu ya jani la mwingine.

20 Desemba: kuanzia kwenye jani

Njia imegeuzwa. Sasa natafuta mmea kwanza, kisha nakagua nani yuko juu yake. Dalili zinazosaidia ni mbili: kingo za majani zilizoliwa kwa mviringo laini, na kinyesi chini ya mmea. Kinyesi cha viwavi wakubwa wenye pembe mkiani kinaonekana wazi, punje nene zenye mifereji. Kikiwa bado kibichi na kijani, mwenyewe yuko hapo juu, hata kama humwoni.

Taa ya noti imepata kazi ya pili ambayo sikuinunulia. Ukiimulika kwenye kichaka usiku, viwavi wengi wanang'aa, wakati majani yanabaki meusi. Kiwavi wa kijani aliyejificha mchana kutwa anajitokeza palepale. Kwa anayeanza, nashauri anunue taa hii kabla ya kitu kingine chochote.

Nimepita pia kwa shangazi, anayelima upande wa Mbawala. Nilimwonyesha picha ya kiwavi mwenye pembe.

"Huyo namkuta kwenye matembele, mwanangu," akasema. "Kwenye mihogo sijamwona hata siku moja."

Hiyo ndiyo taarifa inayohitajika: anapokaa, na pale asipokaa. Nimeanza daftari lenye safu hizo mbili, na wazee wanaolima wanaijaza safu ya pili kuliko mimi.

11 Januari: matembele

Kiwavi wa matembele ni *Agrius convolvuli*. Wengine wana rangi ya kijani, wengine kahawia iliyokolea, ila wote ni wamoja. Kumpata ni rahisi. Kumlisha ndiko kulikoleta vifo.

Fungu la kwanza la matembele lilitoka sokoni. Jioni viwavi walikuwa wakitetemeka na kutapika maji ya kijani, asubuhi hakuna aliyesalia. Mboga ile ilikuwa imepigwa dawa, na kuosha kwa maji hakukusaidia kitu. Tangu siku hiyo hakuna jani la kununua linaloingia kwenye mradi. Nimepanda marando kwenye tuta uani. Mvua hizi yanashika haraka, na gharama yake ni jasho tu.

Fungu la pili lilikufa kwa sababu ya chombo. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana linatunza jani lisinyauke, ila linatoa jasho. Kinyesi kinalowa, kinaota ukungu, kiwavi analegea, anageuka mweusi na kunuka. Akishafika hapo haponi, na aliye karibu naye anafuata. Chombo kinachofaa hali ya hewa ya pwani ni hiki:

Ndoo ya lita 20, mfuniko umekatwa katikati na kushonewa neti. Chini gazeti, linabadilishwa kila siku. Matawi yamesimama kwenye chupa ya maji, na mdomo wa chupa umezibwa kwa pamba, la sivyo viwavi wanashuka na kufa maji. Ndoo zinakaa juu ya meza, na kila mguu wa meza umo ndani ya kopo lenye oili chafu. Sisimizi wakipata njia ya kupanda, asubuhi unakuta maganda matupu. Mafuta ya taa nimeyaacha kwa sababu ya mvuke wake.

Gharama: ndoo mbili 12,000, neti mita tatu 12,000, fundi cherehani 5,000.

2 Februari: udongo

Kiwavi wa matembele akishiba anabadilika rangi, anaacha kula na kuanza kukimbia huku na huko ndani ya ndoo. Ukidhani anaumwa umekosea: anatafuta pa kujifukia. Waliobaki juu ya gazeti walizunguka mpaka wakaishiwa nguvu. Wachache waligeuka pupa, ile hatua ya kati ya kiwavi na nondo, wakiwa wamepinda, na hakuna aliyetoka salama.

Nikaleta mchanga wa uani. Mchanga mkavu unabomoka, chumba anachojichimbia kinamwangukia. Mchanga uliolowa sana unaozesha pupa. Kilichofaa ni mchanga uliochanganywa na udongo mweusi wa chini ya mwembe, una unyevu wa kushikana ukiufumbata lakini hautoi maji, kina cha shibiri moja. Kiwavi anazama ndani ya dakika chache, na baada ya hapo marufuku kufukua. Wengi walitoka ndani ya wiki tatu.

Pupa huyu mtu akimwona mara moja hamsahau. Ni kahawia, amenona, na mbele ana mkono uliojikunja kama wa birika. Mkono huo ni ala ya mrija wa kunyonyea. Nondo mwenyewe ana mrija mrefu kupita mwili wake, na ndio unaomwezesha kufikia asali ya maua yenye shingo ndefu yanayofunguka usiku.

Jambo moja la kurekebisha upande wa nondo. Waliotoka vizuri kwenye udongo walijaribu kupanda ukuta wa ndoo, wakateleza, wakaanguka. Nondo akitoka, mabawa yake yana ukubwa wa ukucha tu. Lazima aning'inie ili damu iyasukume yakunjuke. Akikosa pa kushika, mabawa yanakauka yakiwa yamejikunja na hataruka maisha yake yote. Nimezungushia ndani ya kila ndoo kipande cha gunia la katani kutoka chini hadi juu. Tatizo limekwisha.

16 Machi: ufuta

Ufuta sasa umefika magotini, na huu ndio msimu ambao daftari limejaa kuliko wakati mwingine wote. Shamba ninalokagua limepandwa Lindi 2002, mbegu inayopendwa sana huku. Nimekuta viwavi wa aina mbili, na tofauti yao ndiyo hasa niliyotaka wakulima waione.

Wa kwanza ni mdogo, *Antigastra catalaunalis*. Kijani hafifu, ana vidoa vyeusi na vinyweleo. Anayashona majani ya kilele kwa nyuzi za hariri, anajifungia humo na kula akiwa ndani. Ukilifungua fungu hilo kwa kucha unakuta kinyesi, nyuzi, na kiwavi anayerudi nyuma kwa kasi na kujiangusha kwa uzi. Mche ukiwa mdogo kilele kinakufa. Baadaye anatoboa maua na maganda ya mbegu. Huyu ni adui wa kweli, na kwa kuwa amejifungia, dawa ya kupuliza juujuu haimfikii vizuri. Mwenye shamba dogo anaweza kuyaminya mafungu hayo kwa vidole mapema, kabla ya maua.

Wa pili anawatisha watu. Ni *Acherontia atropos*, kiwavi mnene anayeweza kuzidi sentimita 12, ana mistari ya mshazari ubavuni na pembe yenye mikwaruzo iliyojipinda. Ukimgusa anatoa mlio wa kukatakata kwa taya. Nondo wake ana alama ya fuvu mgongoni, analia ukimshika, na huingia kwenye mizinga kuiba asali. Watu wanamwona mchawi. Kwenye ufuta, hata hivyo, nimemkuta mmojammoja, shina hapa na shina kule mbali. Anakula pia nyanya, bilinganya na mimea mingine ya ukoo huo. Kumwokota kwa mkono kunatosha. Kupiga dawa shamba zima kwa ajili yake ni kutupa pesa na kuua nyuki wanaotembelea ufuta.

Na mwenye kudhani kwamba nondo na mmea wake ni habari ya darasani akumbuke pamba. Mikoa ya kusini iliwekewa karantini, pamba ikakatazwa kulimwa, kwa kuhofia funza mwekundu, *Diparopsis castanea*, asipenye kwenda kwenye mashamba ya kaskazini. Funza huyo anategemea pamba na jamaa zake. Nondo mmoja na jani lake wameamua eneo zima lilime nini.

27 Aprili: waliomo ndani ya viwavi

Sehemu kubwa ya viwavi walioletwa wakiwa wakubwa hawakutoa nondo. Wengine walijaa vifuko vidogo vyeupe mgongoni siku moja kabla ya kufa. Majirani waliviita mayai, wakataka tuvichome moto. Si mayai ya kiwavi. Ni vifukofuko vya nyigu wadogo ambao walikulia ndani yake na kutoka kupitia ngozi. Wengine walikufa wakiwa pupa, na badala ya nondo akatoka nzi mwenye manyoya magumu.

Kwa kufuga nondo hii ni hasara, na dawa yake ni kukusanya mayai au viwavi waliotoka kuanguliwa, kabla nyigu hajawafikia. Mayai ya nondo wa matembele ni punje za kijani, moja moja chini ya jani, ukizoea unayaona. Kwa mkulima, hata hivyo, vifuko vile vyeupe ni mali. Nimevitia kwenye chupa yenye kitambaa, nyigu wakatoka, nikawaachia kwenye bustani ya shangazi. Kiwavi mwenye vifuko mgongoni hali tena cha maana. Aachwe shambani alipo.

22 Juni: mmea wa ukame na vumbi la salfa

Mvua zimekwisha, matembele yamekauka, kazi imehamia kwenye mimea inayostahimili jua. Wenye vitalu vya maua Mtwara wanauza adeniumu, ule mmea wenye shina lililovimba na maua ya waridi. Wenyewe ni mmea wa sehemu kame za Afrika na Uarabuni, na utomvu wake ni sumu kali ya moyo. Sehemu mbalimbali za Afrika wawindaji waliupaka kwenye mishale. Mbuzi hausogelei. Kiwavi wa nondo *Daphnis nerii* anaula kama chakula cha kawaida, pamoja na oleanda na yale maua madogo ya *Catharanthus* yanayoota yenyewe kwenye mchanga wa pwani. Mimea yote mitatu ni ya ukoo mmoja.

Kiwavi wake ni kijani mwenye madoa mawili ya buluu nyuma ya kichwa. Ukimsogelea anaingiza kichwa ndani, ngozi inavimba, madoa yanafunguka na kuwa macho makubwa yenye ukingo mweusi, yakikutazama. Watoto waliokuja kuangalia walirudi nyuma wote kwa pamoja. Hana sumu ya kumdhuru mtu kwa kugusa, lakini utomvu wa mmea unayo. Nawa mikono kwa sabuni kila unapokata tawi, usiguse macho.

Jaribio lililoshindikana: kubadilisha majani katikati. Waliokulia kwenye oleanda walipowekewa *Catharanthus* walikaa bila kula, wengine hadi kufa, ijapokuwa wenzao waliozaliwa juu ya *Catharanthus* walikuwa wakiifagia. Kwa hiyo mmea ulioanza nao ndio umalize nao, hata kama vitabu vinasema yote ni chakula.

Hasara nyingine imetoka hewani. Huu ni msimu wa kupulizia mikorosho: salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, na viuatilifu kwa ajili ya mdudu anayeitwa mbu wa mikorosho. Mashine zinanguruma alfajiri, upepo wa kusi unapeleka vumbi popote. Majani ya uzio ulio karibu na mikorosho yaliua viwavi wote wa ndoo moja. Mkorosho ndio unaotulisha, siwezi kumwomba mtu asipulizie. Nimenunua miche ya adeniumu na kuihamishia kwenye vyungu nyuma ya nyumba, upande usiopigwa na upepo. Miche na vyungu: 20,000.

17 Agosti: mng'ongo umepukutika

Mng'ongo sasa hauna jani, na hapo ndipo vifukofuko vinaonekana. Vimening'inia kwenye vitawi, rangi ya fedha iliyofifia, vigumu kubonyea. Ni vya *Argema mimosae*, nondo wa kijani-njano mwenye mikia mirefu kuliko mwili. Kusini zaidi mwa Afrika wachezaji wa ngoma huvitia vijiwe na kuvifunga miguuni vikilia, kazi ileile ya msewe wetu.

Wenzake wa matembele walitoka ndani ya wiki chache. Huyu hatoki. Miezi ya kiangazi anaipitisha ndani ya kifuko, kwa sababu akitoka sasa hakuna jani la kutagia. Nondo wa majangwani wanaishi kwa kanuni hiyohiyo, wanaivuta mbali zaidi. Kuna kinondo wa Marekani, *Prodoxus y-inversus*, anayekulia ndani ya matunda ya mmea wa jangwani uitwao yuka. Viwavi waliokusanywa jangwani Nevada waliwekwa, na baadhi yao walitoka wakiwa nondo kamili baada ya miaka 30. Kusubiri mvua ni sehemu ya maisha yao kama kula.

Hapa kuna mtego kwa mfugaji. Vifuko vya kwanza niliviweka ndani ya nyumba, kwenye rafu, ili viwe salama. Vilikuwa vyepesi mno baada ya muda. Nilipovipasua, pupa walikuwa wamekauka. Joto la bati na hewa kavu ya ndani havifanani na tawi lenye umande. Vilivyobaki nimevifunga kwa uzi kwenye tawi ndani ya kizimba cha neti kilichotundikwa nje, chini ya kivuli cha mwembe, vipate umande wa asubuhi kama wenzao. Sinyunyizi maji. Kizimba: waya na neti, 15,000.

Angalizo kwa walio karibu na Rondo au misitu mingine ya hifadhi: usikusanye humo bila kibali. Miti ya mashambani na kando ya njia inatosha kabisa kwa kazi hii.

23 Novemba: wametoka

Wingu la kwanza la kweli limeshusha mvua, mng'ongo umeanza kutoa machipukizi, na vifuko vimefunguka jioni kwa jioni. Nondo analainisha upande mmoja wa kifuko kwa majimaji, anasukuma, anatoka akiwa amelowa, anapanda neti haraka na kuning'inia. Mikia inashuka mwisho, ikiwa imejikunja kama utepe uliokuwa mfukoni, kisha inanyooka polepole kwa uzito wake. Ndani ya saa chache anakuwa tayari.

Mdomo wa kulia hana. Anaishi kwa mafuta aliyoyaweka alipokuwa kiwavi, siku chache tu, na kazi yake ni kuoana na kutaga. Kwa hiyo usimwekee asali wala tunda. Jike nimemwacha kwenye kizimba nje usiku. Harufu yake inawaita madume kutoka mbali, na papasi zao za kichwani, pana zenye manyoya, zimeumbwa kwa ajili hiyo. Alfajiri kulikuwa na madume kwenye neti kwa nje. Nilimfungulia mmoja akaingia, wakaoana, na jike ametaga kwenye neti na kwenye tawi. Waliobaki nimewaachia chini ya mng'ongo uleule walikotoka.

7 Desemba: hesabu na kinachofuata

Matumizi yote kufikia leo ni shilingi 82,000. Pesa iliyofanya kazi kubwa zaidi ni ile 18,000 ya taa. Anayetaka kubana kabisa anaweza kuanza na taa, ndoo moja, neti na tuta la matembele.

Daftari lina mimea minne iliyothibitishwa kwa kufuga hadi nondo: matembele, ufuta kwa nondo wawili, *Catharanthus* na mng'ongo. Oleanda na adeniumu zitarudiwa kuanzia yai. Mayai ya *Argema* yameanza kuanguliwa, na viwavi wamekubali machipukizi ya mng'ongo bila kusita. Majani makomavu wanayaacha, kwa hiyo kila siku nakata ncha changa tu.

Mimea miwili inasubiri. Mkunazi, kwa ajili ya nondo *Epiphora bauhiniae*, ambaye kifuko chake natarajia kukipata kwenye mikunazi ya Mikindani kiangazi kijacho. Na marejea, ile mbolea ya kijani, kwa ajili ya *Utetheisa pulchella*, nondo mdogo mweupe mwenye vidoa vyekundu na vyeusi anayehifadhi sumu ya mmea mwilini ili ndege wamwache. Mbegu za marejea nimeshazipanda pembeni ya tuta la matembele, zimechipua. Kuna kifuko kimoja cha *Argema* ambacho hakijafunguka. Ni kizito bado, kwa hiyo nimekirudisha kwenye tawi lake na hakitaguswa hadi mvua za mwakani.